Kilima cha Akimana

Ngara, 4 Machi 2002

Shangazi Zita,

Shikamoo. Hujambo hapo Biharamulo? Goti bado linasumbua? Mimi mzima, ila usingizi sipati. Ofisi inataka kumbukumbu za wakimbizi wa kambi zote, za Lukole na nyinginezo, zikae kwenye ghala moja la data, na mimi ndiye wa kuchagua mfumo wa kompyuta. Inashindana miwili. Wa kwanza una kasi na bosi anaupenda, lakini unaunganisha ndugu kwa jina la ukoo. Warundi hawana hilo! Baba ana lake, mtoto ana lake. Wa pili unajikokota, ila unatafuta kwa kilima alikozaliwa mtu na jina la mama yake. Nataka kuujaribu kwa Akimana wako, huyo mtoto wa Kirundi unayemlea. Niandikie kilima chao upesi.

Mwanao,
Laurian

Biharamulo, 19 Machi 2002

Mwanangu Laurian,

Marahaba. Goti ni lilelile, maharage yamekubali. Chagua huo wenye kasi, bosi afurahi, nawe ulale. Kilima nakijua, na mama yake kwa jina namjua. Majirani zao waliomleta mbiombio walinitajia. Sikuandikii. Alifika hajaota meno, leo ananiita mama, halafu mashine imtafutie mwingine? Niache.

Shangazi yako,
Zita

Ngara, 8 Aprili 2002

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hasira imepoa na nyumbani hamjambo. Nimeijaribu mifumo yote miwili kwa watu wa Lukole. Wenye kasi ulimtenga mume na mkewe wanaolala chumba kimoja, na watoto wao ukawaita yatima. Nimechagua unaojikokota. Bosi amenuna, na mkataba wangu sijui kama utaongezwa. Kwa Akimana nimeacha wazi, siwezi kukulazimisha. Lakini nikipita kambini kila mwanamke namtazama mara mbili, nikidhani ndiye mama yake.

Mwanao,
Laurian

Biharamulo, 2 Juni 2002

Mwanangu,

Marahaba, ingawa imechelewa. Hatujambo, sema ndani ya nyumba situlii. Jana Akimana aliniuliza kama mama yake anajua amekua hivi. Nilichukua jembe, nikaenda kulia shambani.

Kilima ni Nyakerera. Mama ni Kankindi. Ingiza leo hii, maana nikipata nafasi ya kuomba barua hii irudi, nitaiomba.

Akipatikana, aje yeye mwenyewe, anikute nimekaa na mtoto. Na huo mfumo uliouchagua, una mahali pa kuandika aliyemlea? Kama hauna, paongeze.

Shangazi yako,
Zita