Mayai ya Mke Wangu na Volti 180

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kaenda kumuuguza mama yake. Kaniachia sanduku la kutotolesha vifaranga — ndani yake mayai ya mwisho ya kuku wake weusi. Kuku wenyewe wamekwisha wote kwa ugonjwa mwezi uliopita. Haya yakiharibika, mbegu imekwenda. Mimi fundi cherehani, joto ninalolijua ni la pasi. Kaniamini hivyo hivyo. Nashukuru.

Jumatano, 5 Machi
Kipimajoto: 34. Inatakiwa 37 na nusu. Koili, ule waya wa joto ndani ya sanduku, inapasha, lakini vuguvugu. Nimefunika sanduku kwa koti la mteja — atanisamehe.

Nikampigia shemeji, mdogo wake mke wangu, dada mchomeleaji wa vyuma. Kasema anakuja, nisiguse kitu.

Nikagusa. Mita yake ya kupimia umeme ilikuwa hapa kwetu. Nikaichomeka kwenye soketi ikiwa bado kwenye ampea. Cheche! Nyumba nzima giza.

Shemeji alipofika alicheka mpaka akakaa chini. Ati ikiwa kwenye ampea, mita ni kama waya mtupu, nimeukutanisha umeme uso kwa uso. Kabadilisha fyuzi ya mita, karudisha umeme, wala hakunifokea. Akapima soketi: volti 180, badala ya 240. Seremala jirani ana kazi ya madawati, mashine zake hazilali, zinatunyonya mtaa mzima.

Kisha akaukata waya wa koili, mita akaiweka katikati ili mkondo upite ndani yake. Ampea 0.3. Akanipa chaki yangu mwenyewe.

“Haya shemeji, vipimo si ndiyo kazi yako? Gawanya volti kwa ampea.”

180 kwa 0.3: ukinzani, omu 600. Volti mara ampea: wati 54. Na koili imeandikwa wati 96 kwa volti 240, omu zile zile 600! Kumbe koili haina kosa. Nimeandika yote juu ya meza ya kukatia nguo. Miaka yote nilidhani hesabu hizi ni za watu wengine.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaleta koili ya pili, sawa na ya kwanza, kazifunga sambamba, kila moja na njia yake ya umeme. Nikapiga hesabu kabla hajawasha: ampea 0.6, wati 108. Akawasha. Mita ikasema 0.6. Akaniita mhandisi wa suruali. Jioni kipimajoto: 37 na nusu. Mungu amzidishie dada huyu.

Jumapili, 9 Machi
Seremala kafunga karakana leo. Nikawa nakunywa chai, roho kwatu — halafu nikakumbuka volti. Seremala akizima, zinarudi 240! Koili mbili pamoja ni omu 300. Ampea 0.8. Wati 192. Nimekimbia, chai yote sakafuni. Kipimajoto: 40. Nikachomoa koili moja. Sijui joto lilikaa juu muda gani.

Na mke wangu kafika saa hiyo hiyo. Mama yake hajambo, nashukuru. Nimemweleza kila kitu, sikuficha. Akatazama meza, akauliza hiyo 192 nimeipataje. Nikamwonyesha. Akanishika bega, akasema peke yake asingeijua.

Sasa amefunga mapazia. Tochi iko mkononi, yai la kwanza juu yake. Anatafuta kifaranga kinachocheza ndani. Mimi naandika ili nisimtazame usoni.