Kwa Fundi Digrii, na Kuhusu Faili Lililoitwa Kali

Jumamosi hii umetimia mwaka, Digrii, tangu ulipotoka gerejini na lile gari jeupe na usirudi. Anayeandika ni dada yako mkubwa. Sisi wengine tumekaa naye sebuleni, kila mmoja anamkosoa. Mama ameagiza yaandikwe yote, hata yanayotutia aibu, na sababu yake ataiona kila atakayesoma mpaka mwisho.

Jina la Digrii ulilipata kazini. Mteja mgeni akilisikia alidhani umesoma chuo kikuu, nawe ulimjibu bila kucheka kwamba digrii zako zote ziko kwenye kamshafti. Ndiyo ile shafti inayofungua na kufunga vali za injini, na kazi yako ilikuwa kuiambia kompyuta ya gari izifungue mapema kidogo au izicheleweshe kidogo, kwa vipimo vya mzunguko viitwavyo digrii. Uliongeza digrii moja, ukamwomba jirani azime redio, ukaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, ukafumba macho. Kisha ndiyo uliamua kama utaongeza nyingine.

Mwalimu wa shule ya karibu ulimwita mara tatu alete gari lake kwa sababu ya mlio ambao mwenyewe hakuwahi kuusikia. Nyumbani uliosha mikono mara mbili kabla ya kumbeba mwanao, na bado ulimbeba kwa viwiko usije ukamchafulia gauni.

Wiki ile mdogo wako, mpiga picha, alikuletea gari lake jeupe la turbo, ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada. Jumapili kulikuwa na mashindano ya kupanda mlima na alitaka lipande kuliko yote. Jumatatu na Jumanne ulisogeza vali za hewa ziwahi kufunguka, na turbo ikawa inaamka mapema. Ulipomzungusha barabarani alicheka mpaka akakohoa. Faili la mpangilio ule mkaliita Kali.

Jumatano ulirudi nyumbani mchana, ukala umesimama. Mkeo, ambaye hakukuzoea hivyo, aliacha cherehani.

“Mbona umenyamaza?”

“Kuna mlio. Upo halafu haupo.”

“Mlio gani?”

“Ningeujua ningekaa nikala.”

Alhamisi uliupata. Mdogo wako alikuwepo, na maneno haya tumeyapata kwake.

“Huku chini iko tamu,” ulimwambia. “Huku juu siipendi.”

“Kaka, mimi nasikia nguvu tu.”

“Ndiyo ubaya wake. Vali zikiwahi, turbo inaamka haraka, sawa. Lakini injini ikikimbia sana, moshi wa moto haupati pa kutokea, unarudi ndani. Ukirudi, inagonga. Ikiendelea kugonga, pistoni inatoboka, vipande vinakwama humo ndani, na magurudumu yanafunga wewe ukiwa kwenye mwendo.”

“Mbona juzi haikugonga?”

“Juzi hatukufika kileleni. Na ilikuwa asubuhi, kuna baridi.”

Ukarudisha vali nyuma kwa mwendo wa juu, digrii baada ya digrii, mpaka mlio ukakoma. Faili hilo jipya ukaliita Salama. Gari likapoteza ile hasira yake, na mdogo wako akaondoka bila kuaga. Ulimwambia mama kwa simu, “Kanuna, atanyooka.” Hukulifuta Kali. Ulikuwa na tabia ya kutotupa kitu.

Jumamosi asubuhi ulimpeleka mwanao kununua viatu. Mlijaribu jozi saba, anazikumbuka zote kwa rangi. Muda huo mdogo wako alifungua gereji kwa ufunguo wa akiba, akawasha kompyuta yako, akaondoa Salama na kurudisha Kali. Alipanga kushindana siku moja tu, kisha akubembeleze umrekebishie.

Hakujua kwamba mchana ule ungelitoa gari tena. Ulimpigia akiwa arusini, kamera shingoni.

“Naenda kulipandisha mara moja mpaka juu,” ulisema. “Nataka nikuachie kitu nilichokihakikisha.”

Anasema alisimama karibu na spika, akaziba sikio moja. Anasema maneno yalimfika mdomoni. Aliona aibu, akajiambia kwamba safari moja haiwezi kuua injini.

“Sawa, kaka,” akajibu.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoyasikia kwa mtu wa nyumbani.

Joto la siku ile lilikuwa kali. Dereva wa lori aliyekuwa akishuka mlima alisikia gari lako kabla ya kuliona. Alituambia lililia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe, halafu likanyamaza ghafla, na kilichofuata ni matairi kuburuzika. Lilitokea kwenye kona ya tangi la maji likiwa limekaa upande, likatumbukia bondeni. Alisimamisha lori, akateremka mbio hadi bondeni ulipokuwa, akakushika mkono. Tunamshukuru kwa mkono ule. Hukuchukua muda mrefu.

Kwa mwezi mzima tuliamini ulikosea. Kwa hilo tunakuomba radhi. Hata mafundi wenzako walisema kwa sauti ya chini kwamba safari hii sikio lilikudanganya. Mpaka rafiki yako fundi umeme alipokuja na kompyuta yako, akaiweka mezani mbele yetu, akasema, “Huyu hakukosea. Hapa pana Salama, tangu Alhamisi. Halafu Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, kuna mtu...”

“Ni mimi,” mdogo wako akasema. Alikuwa ameshasimama.

Hakuna aliyempigia kelele, na labda ingekuwa afadhali. Mama aliingia chumbani na hakusema naye kwa miezi mitano. Mkeo alimuuliza jambo moja tu, kwa nini alikujibu sawa kwenye simu.

Kisha akatueleza lililobaki. Lile faili alikuwa amelituma kwa wenzake watatu wenye magari ya aina ile, Jumanne ileile, kwa furaha. Wakalitumia walivyotaka.

Tangu siku hiyo anawatafuta. Wa kwanza alimfungia mlango mara mbili, ya tatu akamsikiliza. Wa pili alikuwa ameanza kusikia kugonga, akaleta gari mwenyewe. Wote wawili fundi umeme amewawekea Salama yako. Wa tatu aliuza gari kabla hajafikiwa, kwa mtu asiyemjua jina, naye aliyenunua huenda hajui amebeba nini. Ni la bluu, la turbo, milango miwili.

Jumapili iliyopita mkeo alikuwa akianika nguo, akalisikia likipanda mlima. Aliishi na wewe miaka kumi na mmoja, anaujua mlio ule. Aliacha nguo kwenye beseni, akatoka mpaka barabarani, lakini alikuta vumbi tu.

Ndiyo maana mama ametaka yaandikwe yote. Anayeliendesha gari hilo, alipeleke kwa fundi yeyote leo, kabla hajalipandisha tena.

Unakumbukwa na mama yako, mkeo, mwanao, ambaye viatu vile vimembana na amekataa vigawiwe, dada yako mkubwa, shemeji zako, na mafundi wote wa gereji. Unakumbukwa pia na mdogo wako. Mama mwenyewe ndiye aliyesema atajwe, na mdogo wako ndiye aliyeomba awe wa mwisho.

Hutatutoka moyoni, Digrii, siku zote tutakazoishi.