Maelezo ya Mama Pikapu Kuhusu Injini ya Dizeli na Kadi ya Marehemu Mumewe

KITUO CHA POLISI: MAELEZO YA SHAHIDI

Jina analojulikana nalo: Mama Pikapu
Umri: miaka hamsini na tisa
Elimu: darasa la nne
Kazi: mshonaji wa mapazia na vifuniko vya viti
Makazi: nyumba ya mwisho, nyuma ya karakana ya mbao
Tarehe na saa: Jumatatu, 8 Julai, saa tatu na robo asubuhi

Afande, kabla ya yote naomba salamu ziandikwe, maana mwanangu atasomewa haya na mimi sijaruhusiwa kumwona. Mwanangu, mkeo hajambo, nimezungumza naye leo alfajiri, miguu imepungua kuvimba na mimba inaendelea vizuri. Binti yako hajambo, jino la mbele limeng'oka na amekataa kulitupa mpaka ulione. Shangazi yako hajambo, ni goti tu. Fundi Kelele hajambo, anasema spana zako ziko kwake salama. Wa nyumbani kwangu wote hawajambo, ndiyo mimi peke yangu. Salamu zimeishia hapo.

Sasa naeleza. Pikapu mnayoishikilia ni ya marehemu mume wangu. Aliipata kabla mwanangu hajaanza shule, na ndiyo iliyonipa hili jina. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Tangu hapo gari lilikaa kwenye kibanda cha uani. Injini yake ya petroli ilikuwa imechoka, ukiiwasha inatoa moshi mpaka nguo za kwenye kamba zinanuka. Mwanangu anaishi mji mwingine, anabeba fanicha za watu kwa magari ya kuazima. Aliniambia kwa simu, "Mama, nikilitia injini ya dizeli hilo gari litatulisha sote."

Mnamo tarehe 3 Juni, siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, mwanangu alifika nyumbani na Fundi Kelele, rafiki yake tangu utoto, wanasukuma injini juu ya mkokoteni. Injini ilitoka kwenye gari la kusambazia mikate lililogongwa ubavuni likawa halitengenezeki. Mwenye kiwanda cha mikate alimwandikia mwanangu hati ya mauziano yenye namba ya injini, akaweka sahihi na muhuri. Nilipewa hati hiyo niitunze siku hiyo hiyo.

Walifanya kazi siku sita. Siku hizo nilichemsha chai mara tatu kwa siku, mmoja anasema sukari imezidi, mwingine anasema haijakutana na sukari. Walifunga mnyororo kwenye boriti ya kibanda wakainyanyua injini ya zamani. Nilipoona pale ilipokuwa pamebaki patupu, waya zinaning'inia, niliingia ndani kama mtu aliyesahau kitu. Fundi Kelele akaniita, "Mama, usiogope, mzee tunambadilishia moyo tu." Mwanangu akamwambia, "Wewe funga mdomo, ufunge na hizo nati."

Ile ya dizeli ni nzito na haikukubali kukaa. Walikata vikalio vya injini ya zamani wakachomelea vingine, wakasogeza rejeta mbele, wakaosha tangi ili petroli isibaki hata tone. Mimi nilishona kifuniko kipya cha kiti cha dereva. Cha abiria nilikiacha. Hakijachakaa, hakuna anayekikalia.

Jumamosi tarehe 8 Juni, saa tisa alasiri, injini iliwaka. Wao walikumbatiana na mafuta yao mikononi. Mimi nilisimama mlangoni. Zamani gari la mume wangu nilikuwa nalijua tangu linakata kona ya karakana, naweka maji yake ya kuoga motoni kabla halijafika. Huu mlio mpya ulikuwa kama mtu anasaga kokoto. Nilimwambia mwanangu ni mlio mzuri.

Kabla hajaondoka alinikalisha chini. Kadi ya gari ina jina la baba yake, na mimi ndiye mrithi, kwa hiyo lazima niende mimi ofisi ya usajili waandike namba mpya ya injini na waweke dizeli badala ya petroli. Akaniambia, "Mama, hili usije ukalisahau. Bila kadi mpya, siku wakifungua boneti mimi ni mwizi." Nikamjibu, "Nimesikia, baba." Akaondoka na gari. Saa kumi na moja uani hapakuwa na mtu wala pikapu, palikuwa na doa la oili tu.

Mnamo tarehe 10 Juni, Jumatatu, saa nne asubuhi, nilifika dirisha la pili la ofisi ya usajili. Nilikuwa na kadi, hati ya mikate na karatasi ya mirathi. Karani aliangalia akasema zimetimia. Nikamuuliza, "Hii ya zamani narudishiwa?" Akasema, "Hapana mama, hiyo tunaitoboa inabaki kwenye faili." Nikasema, "Siwezi kubaki nayo?" Akasema, "Ya nini, mama? Imeshachakaa." Nikamwambia nimesahau kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa mkobani.

Afande ameniuliza sababu. Mume wangu hakuwa msemaji. Alikuwa na mtindo wake, kila akibadilisha oili anaandika tarehe nyuma ya kadi kwa penseli, na pembeni maneno mawili matatu. Sijui kama alijua nayasoma. Pameandikwa: "Oili. Mvua kubwa." "Oili. Mama ametoka hospitali salama," huyo ni mimi. "Oili. Kijana kapata kazi." Na siku mwanangu alipohama: "Oili. Tumebaki wawili." Hakuacha barua wala sauti kwenye simu. Ameacha hiyo kadi.

Siku hiyo saa kumi na mbili jioni mwanangu alipiga simu. Aliuliza, "Mama, wamebadilisha?" Nikasema, "Wamebadilisha." Akasema, "Basi kaa nayo, nitaichukua nikija." Afande ameuliza kama nilisema uongo. Ndiyo, nilisema uongo. Nilikuwa nasema kila siku nitakwenda kesho.

Jumamosi tarehe 6 Julai, saa tano asubuhi, alinipigia kutoka kizuizi cha barabarani. Alikuwa na nakala ya kivuli ya kadi ya zamani, inasema petroli, na askari alikuwa amefungua boneti akakuta dizeli. Alisema, "Mama, lete kadi mpya, hawa hawaniamini." Nikasema, "Ngoja, baba." Nikakata simu. Jana Jumapili sikuja. Niliogopa. Nilishinda kitandani na kopo la vifungo mapajani, ndimo zilimokuwa kadi na hati.

Leo nimevileta vyote. Mwanangu hakuiba injini na hakuwadanganya aliposema kadi imebadilishwa, alisema nilichomwambia mimi. Kama kuna kosa la kadi, andikeni la kwangu. Nipo tayari kwenda dirisha la pili leo hii, hata nikisindikizwa na askari. Ninachoomba ni kimoja, kama lazima itobolewe, itobolewe mahali ambapo hajaandika.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, sikulazimishwa na mtu. Tafadhali nipeni habari upesi, msikae nayo. Simu yangu sitaizima. Na kama mtamwachia na gari lake, hata msipopiga, mimi nitakuwa mlangoni. Ule mlio wa kokoto nimeshaushika, nitausikia tangu konani, na maji yatakuwa motoni.

Sahihi ya shahidi: (ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa) MAMA PIKAPU

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekiri ni sahihi. Amekabidhi hati ya mauziano moja na kadi ya gari moja. Namba ya injini kwenye hati inalingana na ya kwenye gari, na nimempigia mwenye kiwanda cha mikate, amethibitisha. Nimemfahamisha mkuu wa kituo saa nne na dakika kumi na kuomba mtuhumiwa aachiwe kwa dhamana ya mama yake. Kabla ya kuweka sahihi, shahidi aliomba kalamu isubiri, akageuza kadi na kusoma nyuma yake. Alipomaliza nilimpa nakala ya pande zote mbili. Ameuliza kama penseli inaonekana vizuri. Nimemjibu inaonekana.