Kipimo cha Shingo ya Mama Mwende

Jumanne, Oktoba 1993. Migwani.

Jua limewaka tangu asubuhi na upepo umenijazia vumbi mezani. Nimekasirika. Si na jua, ni na mimi mwenyewe.

Mama Mwende alikuja tena kwa chumba changu cha mazoezi ya viungo hapa hospitalini. Tangu ateleze mtoni na mtungi wa maji mgongoni, mwezi wa saba, shingo inamuuma na kichwa kinamzunguka. Anachotaka ni kitu kimoja: karatasi ya hospitali, ili mzee wake akubali punda abebe maji. Punda, kwa huyo mzee, ni wa kupeleka mizigo sokoni. Na mke je? Mke ni wa maji.

Leo mzee mwenyewe alimsindikiza. Nikafurahi, nikasema vizuri, ajionee.

Kipimo chenyewe si kigumu. Nilimfunga tochi ndogo kwenye paji la uso kwa mpira wa tyubu, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikabandika karatasi yenye duara ukutani. Mtu anaketi, anaangalia katikati, anafumba macho, anageuza kichwa, kisha anakirudisha pale alipoanza. Shingo isiyo na hitilafu hukumbuka njia bila macho. Yake haikukumbuka. Kila mara mwangaza ulitua nje ya duara, na mara moja ukaangukia mlango.

Nilikuwa nishashika kalamu.

Ndipo mzee akasema, kwa upole sana, kwamba mke wake habebi maji akiwa ameketi kitini. Apimwe na mzigo. Na mimi, kwa kiburi cha kuamini kipimo changu, nikakubali! Mtungi ukajazwa, ukaning'inizwa mgongoni, na mukwa, ule mkanda wa ngozi, ukapita kwenye paji lake la uso. Tochi nikaisogeza juu kidogo. Akafumba macho, akageuza, akarudi.

Katikati. Tena katikati.

"Umeona, daktari," mzee akasema. "Shida yake ni kukaa bure."

Nikarudisha kalamu mfukoni. Mimi huyu, na cheti changu kwenye fremu.

Mama Mwende akavua mukwa polepole. Aliponipita mlangoni alisema kwa sauti ya chini, "Si ungeandika tu ile ya kwanza."

Jibu lilinijia walipokuwa wameshafika barabarani. Mlevi akishika ukuta husimama wima, na bado ni mlevi. Ule mukwa ndio uliokuwa ukuta wake: ulikuwa unavuta ngozi ya paji lake, ukimwonyesha kila alikogeukia. Maneno machache hivyo, na sikuwa nayo saa ile. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alizaliwa mchana huo huo.

Sasa nimeandika karatasi, vipimo vyote viwili, na habari ya mlevi chini yake. Kesho ni siku ya soko na mzee atapita hapa na punda. Nitamsimamisha, hata akinichukia.

Lakini jioni hii, maji ya kupikia yametoka mtoni kwa mgongo wa nani?