Sindano Iliyoletwa Barazani

Mama yangu, shikamoo. Huku Mwenge joto limezidi, tunakula nje barazani. Jana kaka Rashidi, aliyekuja likizo kutoka kambi ya jeshi, alileta mgeni, tukamkaribisha wali na samaki wa nazi. Kumbe mgeni kaja na boksi la barafu, ndani mna sindano. Akasema ni dawa ya maabara, inaamsha uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, utengeneze chembe za damu haraka, ili askari akijeruhiwa apone upesi. Kaka akaanza kukunja mkono wa shati.

Mie moyo ulikataa. "Mbona hamumchomi hospitali?"

"Ni utaratibu tu, sista."

"Na waliochomwa kabla yake wako wapi?"

Mgeni akanywa maji, akasema hawezi kuwataja.

Kaka akamtazama, akashusha mkono wa shati. "Basi, braza, mpaka nimwone mmoja wao."

Mgeni aliondoka bila kumaliza wali. Getini akaninong'oneza nisimwambie mtu. Ndiyo maana nimekuandikia kwenye kadi isiyo na bahasha, asome kila atakayeishika.

Kaka mzima, anakuamkia. Tumekukumbuka mno, mama.

Mwanao, Zuhura