Mwanamke wa Kiti cha Mbele

Halvor, ndugu yangu, siamini yaliyotokea. Bado tuko kwenye maegesho ya chuo.

Unakumbuka Marit alivyoapa kwamba binti yetu Signe hatasomea uchoraji katika chuo kidogo kilichozungukwa na mahindi. "Huko atawachora ng'ombe?" Hiki ni chuo cha saba tunachotembelea tangu Jumatatu, na gari ameliendesha yeye siku zote.

Leo darasani mwalimu alibandika ukutani picha zilizochorwa na wanafunzi wake na wageni, bila majina. Utaratibu wao ni kwamba mchoraji hunyamaza mpaka wengine wamalize kusema. Akamwomba Marit aanze.

Marit akachagua uso wa mwanamke uliochorwa kwa mkaa, macho yamefumbwa, mdomo wazi, skafu shingoni. "Huyu kachoka mpaka anatia huruma," akasema. "Na aliyemchora hampendi."

Hampendi, Halvor! Mbele ya watu ishirini! Mimi nilikuwa nimeshaitambua ile skafu.

Mwalimu hakucheka. "Ahsante, mama. Mchoraji, zamu yako."

Signe akasimama. "Ni wewe, Mama. Ulisinzia kwenye kituo cha mafuta, baada ya chuo cha tano. Nilichora taratibu ili usiamke."

Mwalimu alimsogezea Marit kiti, basi.

Tulipofika garini Marit aliniambia, "Wapigie wale wa chuo cha kesho. Waambie hatuji."

Sasa amelala kiti cha mbele, mdomo wazi vilevile. Nyuma yetu nasikia mkaa ukikwaruza karatasi, nami nakuandikia bila kutikisika.