Ndege za Sikukuu Juu ya Mikelenge

Kamina, 2 Julai 1957

Baba Isidore,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na mama. Mimi mzima, ila mikono inanuka mafuta ya ndege hata nikila.

Baba, kaa chini kwanza. Tarehe 21, sikukuu ya Wabelgiji, ndege tatu za kivita zitatoka hapa kambini na kupita juu ya Kindu saa nne asubuhi! Hazina mapanga ya kuzunguka puani, zinakwenda kwa moto tu. Ya katikati naiosha mimi mwenyewe, vioo na tumbo. Huku tumekatazwa kupiga picha. Wewe una mashine ya picha, nipigie hata moja.

Na mama je? Bado hataji jina langu? Ni miaka miwili tangu niondoke bila kumuaga. Mwezi wa tisa napewa likizo, lakini siji kusimama mlangoni kama mgeni. Mwulize kama atanipokea.

Mwanao, Donatien

Kindu, 22 Julai 1957

Mwanangu Donatien,

Sisi wazima, nawe uwe hivyo hivyo. Masikio yangu tu bado yanalia!

Sikwenda mjini kwenye gwaride, askari wanasukuma watu mno. Nilisimamisha mashine hapa uani kwetu, mtaa wa Mikelenge. Mama yako alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya kupika sombe, akasema hana haja na ndege ya mtu yeyote. Mara ngurumo! Nikageuza mashine kule sauti ilikotoka, nikapiga. Hakuna kitu. Zilikuwa zimeshavuka mto Lualaba, sauti inazifuata nyuma! Mimi, fundi wa picha miaka kumi na miwili, nimepiga mbingu tupu. Nilijitukana vibaya.

Zikageuka, zikarudi. Safari hii nilielekeza mashine mbele ya ndege, kidole tayari. Ndipo nikasikia nyuma yangu: "Dona! Dona wangu! Shuka, mutoto!" Kutazama, mama yako amepindua kinu, amepanda juu yake, sombe yote mchangani, anapunga kitambaa cha kichwa, analia na kucheka. Alidhani umo ndani.

Filamu ilibaki na picha moja. Nikampiga picha yeye. Nisamehe, ndege sina. Swali lako sijamwuliza, maana aliona haya akajifungia ndani. Picha hii hapa, mtazame mwenyewe.

Baba yako, Isidore

Kamina, 9 Agosti 1957

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwenu nyote. Picha imezunguka bweni zima! Kila mtu anauliza mama huyu ni wa nani, nami najibu kwa sauti kubwa.

Lakini Baba, mimi sikuwemo. Rubani ni Mbelgiji, mimi mwosha ndege tu. Nimefurahi hadi nimelia, sasa naogopa. Mwambie kweli, tafadhali. Sitaki anipokee kwa urubani nisio nao.

Mwanao, Donatien

Kindu, 25 Agosti 1957

Donatien,

Ni miye mama yako, Adolphine. Mwili uko na nguvu. Baba yako anaandika vile ninasema, nimemukataza kubadilisha.

Amenisomea barua. Kumbe ulikuwa chini na ndoo ya maji! Mikelenge yote inanicheka, na siku ile tulikula bugali bukavu, bila sombe. Haizuru. Sikuita mwenye kuendesha ndeke, niliita mutoto wangu.

Hiyo ndeke yako iko ya kupita tu. Treni inasimama Kindu. Panda treni.

Mama yako